Mjadala: Kamera ya simu inatosha kupima mwendo wa taya wakati wa kutafuna?

Kliniki nyingi za meno hazina mashine ya sumaku ya kufuatilia taya. Je, hapa Bukavu vipimo vya video ya simu viandikwe kwenye faili la mgonjwa?

Daktari wa meno, Ibanda: Viandikwe. Mgonjwa aliyevunjika taya hulinganishwa na yeye mwenyewe, wiki hadi wiki. Bandika alama mbili za milimita 8, moja juu ya mfupa wa pua, nyingine kidevuni. Simu ikae kwenye stendi, sentimita 50 mbele ya mdomo. Mpe chakula laini cha kutafuna. Ondoa mwendo wa pua kwenye mwendo wa kidevu, ndipo kichwa kikitikisika hesabu haiharibiki. Mtu hutafuna mara 1 hadi 2 kwa sekunde, hivyo fremu (picha) 60 kwa sekunde zinatosha.

Mwalimu wa fizioterapia, Kadutu: Docta, kwa heshima, napinga. Alama iko kwenye ngozi, si kwenye mfupa. Mtu akimeza, misuli ya kidevu huikunja ngozi na kuivuta juu, nawe unaandika kwamba taya limepanda. Mwendo wa kando ni milimita chache tu. Ngozi ikiteleza milimita 2, umebaki na nini?

Fundi video, Bagira: Na simu yenyewe ina mitego. Ukiweka rula ya kugeuza picha kuwa milimita sentimita 2 nyuma ya kidevu, kwa umbali huo wa 50, vipimo vinazidi kwa 4%: milimita 40 zinasomeka karibu 42. Rula iguse kidevu. Mwanga ukififia (na umeme wetu tunaujua), simu nyingi hupunguza fremu kimyakimya, na kasi yote inakuwa ya uongo. Rekodi mchana karibu na dirisha, ufunge fokasi. Tena, kamera ya mbele ya baadhi ya simu huhifadhi picha iliyogeuzwa kama ya kioo: kulia kunakuwa kushoto! Andika herufi R (right, yaani kulia) kwenye plasta ya shavu la kulia.

Daktari wa meno: Basi ufunguaji wa mdomo tuupime kwa rula kati ya meno ya mbele, chini ya milimita 35 tunahesabu mdomo umekaza. Video ibaki na mdundo, idadi ya matafuno kabla ya kumeza, na upande anaoukwepa.

Mwalimu wa fizioterapia: Upande anaoukwepa ni mwendo wa kando vilevile, Docta. Rekodi mara 3, bandua alama, zibandike upya, rekodi tena 3. Tofauti kati ya rekodi za kwanza na za pili ikifikia ile unayoiita nafuu, usiandike kitu.