Mrejesho: Paa la Kigamboni halikupigwa na mvua ya mawe

Wakuu, niliuliza kama madoa na matone ya paa la nyumba ya mama Kigamboni yametokana na mvua ya mawe, maana jirani yake aliyekulia Njombe, nyanda za juu ambako mvua ya mawe si ngeni, alisisitiza hivyo. Asanteni sana kwa majibu.

Fundi alipanda asubuhi, jua likipiga kwa upande. Hapo kila kibonyeo huonekana. Mvua ya mawe huacha vibonyeo vya duara, vikubwa kwa vidogo, vimetawanyika bila mpangilio, na vingi huwa upande uliokabili upepo. Hatukukuta hata kimoja. Alama zetu zilifuata mistari ya papi, yaani mbao za chini ya bati zinazopigiliwa misumari. Raba za misumari zimekauka na kupasuka, na misumari mingine ilipigwa bondeni mwa bati, palepale maji yanapopita, badala ya mgongoni. Chumvi ya bahari ikamalizia kazi.

Kilichoniuma zaidi ni kingo zilizokatwa kwa grenda. Cheche zake huunguza zinki inayokinga bati, na kutu huanzia hapo. Mkasi wa bati ungetosha kabisa!

Tumeweka skrubu zenye raba mpya na kuziba matundu ya bondeni. Mabati ya upande wa baharini yalikuwa yameoza, tukanunua ya geji 28 (geji ni kipimo cha unene), ambayo ni nene kuliko 30 ya zamani. Masika imeshanyesha vya kutosha na dari ni kavu.

Mnaotaka kukagua, tafadhali msipande bati likiwa limelowa. Linateleza vibaya, na mkanyage kwenye mistari ya misumari tu, ambako chini kuna mbao.