Plasta ya saruji inabanduka, nyumba ya Mji Mkongwe: nianzie wapi?

Mkaazi_Malindi:
Assalaam alaykum wanajamvi. Nyumba ni ya mawe na chokaa, ghorofa mbili, Malindi, Unguja. Ukuta wa njiani ulipigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Sasa umevimba na unabanduka mabamba mabamba, kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Madirisha mawili yameoza, nafikiria alumini. Je, kibali kinahitajika hata kwa plasta? Na mchanganyiko upi?

Fundi_Chokaa:
Waalaykum salaam. Saruji ndiyo ugonjwa wenyewe. Mawe ya matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke kama mvuke. Saruji inayaziba, unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Kibaya zaidi ni ncha za boriti zilizozama ukutani: zinaoza bila kuonekana.

Bandua kwa tindo na nyundo ndogo, juu kwenda chini. Mashine ya kuvunjia hulegeza mawe. Choma kila boriti kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, simamisha kazi na utegemeze dari kwanza. Uache ukuta ukauke wiki kadhaa, usugue chumvi kwa brashi kavu.

Chokaa iwe imerowekwa wiki tatu au zaidi. Ukiroweka mwenyewe, tia chokaa kwenye maji, usimwagie maji chokaa: inachemka na kuruka, hivyo vaa miwani na glavu. Changanya ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliooshwa. Wa pwani una chumvi. Mashimo yazibwe kwa vijiwe. Lowesha ukuta, kisha kila mkono (tabaka) wa plasta usizidi milimita 10.

Baraza_Kiponda:
Kibali kinahitajika, tena kabla ya kununua hata mfuko mmoja. Mji Mkongwe una sheria yake ya uhifadhi ya 2010, na umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000. Andaa uthibitisho wa umiliki, picha za ukuta mzima na maelezo ya vifaa, uende Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ikiwa nyumba ni ya wakf, anzia Kamisheni ya Wakf.

Alumini achana nayo. Chonga dirisha la mbao kwa vipimo na mgawanyo uleule wa zamani, na mchoro wake uambatanishe. Kiyoyozi na dishi visikae upande wa njia. Baraza ya kukalia nje isiguswe.

Kijana_Mjenzi:
Wakubwa, saruji kidogo tu ndani ya chokaa, ili ikaze upesi?

Fundi_Chokaa:
Hapana, ndugu yangu. Hiyo kidogo inatosha kuufanya ukuta mgumu kuliko mawe yake, na nyufa zinarudi. Chokaa hukazwa na hewa, polepole. Funika kwa magunia mabichi siku tano. Jua kali likiiwahi inapasuka na kuwa unga. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, si rangi ya plastiki.

Mkaazi_Malindi:
Nimeelewa, shukrani sana. Nianze mwezi gani?

Baraza_Kiponda:
Masika yapite, Juni kuendelea. Ila mifereji ya paa izibue leo, na ung'oe miche iliyoota ukutani pamoja na mizizi. Maji yakiendelea kumwagika toka juu, hata chokaa safi haitadumu.