Binti kamaliza kidato cha nne: VETA au cherehani?

Mama wa Ngamiani: Wana Tanga, binti yangu kapata daraja la nne. Anataka VETA, chuo cha ufundi, asome umeme wa majumbani. Baba yake asema msichana hapandi nguzo, anunuliwe cherehani. Mimi nataka awe na hela yake mkononi. Nishaurini.

Fundi Chumbageni: Mpeleke, dada. Cherehani ziko kila kibaraza, fundi anakaa akisubiri Idi. Umeme wa nyumba hauna nguzo, ni kuchimba ukuta na kuvuta nyaya. Nguzo ni za TANESCO. Na hela mnazomwaga kwenye ngoma za unyago na makungwi zingelipa ada.

Bibi Pangani: Kungwi kakukosea nini, mwanangu? Nimefunda wali miaka mingi, na hakuna aliyetoka ndani kwangu bila kuambiwa usimtegemee mume hata kwa chumvi.

Fundi Chumbageni: Shikamoo bibi. Nimesema hela, sikukutukana.

Bibi Pangani: Marahaba. Umesema "mnazomwaga". Nani kamwaga?

Mwalimu Muheza: Bibi, wapo wanaomtoa mwali leo, kesho posa, naye ana miaka 15. Sheria ya ndoa ya 1971 iliruhusu. Nashukuru ilifutwa 2016.

Mzee Raskazone: Mwalimu, usipotoshe. 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Kufuta ni kazi ya Bunge.

Bibi Pangani: Sijaozesha mtoto mimi! Mwataka kunitia mahakamani?

Mkulima wa Mwani, Tongoni: Hela ya mkononi sisi twaijua. Maji yamepata joto, mwani mnene ukaoza, tumebaki na mwembamba wa bei ya chini, na bei yenyewe apanga mnunuzi. Kwenye kina kirefu mnene wastawi, lakini kunataka boti na kujua kuogelea. Wengi wetu hatukufundishwa kuogelea, na tumezaliwa pwani. Hilo laniuma kuliko hiyo ngoma.

Bibi Pangani: Hapo umesema kweli. Mimi kaka zangu walinifundisha mtoni kwa siri, mama asijue. Wali wangu sikuwafundisha, wala sikuwahi kulifikiria.

Fundi Chumbageni: Sasa kuogelea na mimi je? Bado nasubiri radhi.

Mama wa Ngamiani: Jamani, nimemsomea mume wangu ile ya nyaya na ukuta. Sasa auliza mafundi wenzake binti darasani watakuwa wanaume wangapi.