Mjadala: Barua za mashabiki ziliiokoa Star Trek, au tunadanganyana?

KijanaWaNtinda
Wakuu, tusaidieni kumaliza ugomvi. Sisi wapenzi wa bunilizi za anga hukutana kila Jumamosi kwenye kibanda cha filamu hapa Ntinda, Kampala. Mwenye kibanda hutupa saa mbili kabla ya mechi; mpira ukianza, tunatoka mbio. Sasa stesheni moja imekata mfululizo tuliokuwa tukiufuata, bila hata tangazo. Wenzangu wanataka tuiandikie barua, eti mwaka 1968 klabu za mashabiki wa Star Trek, mfululizo wa anga wa televisheni ya Marekani, ziliandika barua milioni moja na stesheni ya NBC iliyotaka kuukata ikasalimu amri. Mimi naona ni hadithi ya kujipamba. Mashabiki wameokoa nini? Ni watu wazima wasio na kazi, wanavaa masikio ya mpira. Tena Mwafrika wao wakamwita Uhura, Kiswahili ambacho hakipo popote. Haya, leteni hoja.

MzeeWaReli_Jinja
Barua zilizotangazwa na NBC ni kama 116,000, kuanzia Desemba 1967 hadi Machi 1968. Hiyo milioni ilisemwa baadaye na bosi mmoja wa hukohuko, kila mtu aamue mwenyewe. Lililo wazi ni kwamba tarehe 1 Machi 1968, kipindi kilipokwisha, mtangazaji aliwaambia watazamaji hewani kuwa Star Trek itarudi. Watu wakaandika tena, safari hii kushukuru! Lakini msimu wa tatu ukatupwa Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wako matembezini, na 1969 ukafa kwa mara ya pili, vipindi 79 jumla. Ukimtoa mtu majini akafia ufukweni, umemwokoa?

DadaArua
"Wasio na kazi." Kijana, unajua kazi wewe? Waliosukuma jambo hilo wengi walikuwa wanawake. Kampeni ya barua iliongozwa na Bjo Trimble na mumewe. Jarida la kwanza la mashabiki, Spockanalia, lilitolewa 1967 na wasichana wa New York, na Leonard Nimoy mwenyewe, mwigizaji wa Spock mwenye masikio hayo, akawaandikia barua humo. Mwaka 1972 Jacqueline Lichtenberg akaanzisha kamati ya kujibu barua za mashabiki wapya, watu wa kujitolea, stempu za mifukoni mwao. Hapo hakuna kompyuta: ni taipureta, stensili, na mashine ya kurudufu inayokuchafua wino hadi kwenye viwiko. Mimi nimerudufu mitihani ya shule nzima kwa mashine ile. Njoo uniambie sina kazi.

KijanaWaNtinda
Nnyabo, sikukusema wewe.

DadaArua
Ulimsema nani basi?

Mwalimu_Mbale
Mimi hizo barua siziingilii. Nimesimama kwenye "Kiswahili ambacho hakipo". Uhura limetokana na uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa na riwaya mkononi iitwayo Uhuru. Neno likapendwa, mwisho wake ukageuzwa lisikike laini. Ilikuwa miaka ambayo neno hilo lilikuwa midomoni mwa dunia nzima. Sisi tuliupata wetu 1962, Uhura akaonekana kwenye televisheni 1966. Katika kipindi kile cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata, mashine inamfuta kumbukumbu zote, anaanza kufundishwa upya kama mtoto, na Kiswahili ndicho kinachomtoka. Hicho ndicho "hakipo popote"?

BodaWaBusia
Mwalimu, nimekiona kipande hicho. Kiswahili chenyewe kama cha mtu anayetafuna karanga! Lakini nashangaa zaidi: Mganda anatoa somo la Kiswahili? Kwetu Kenya, upande wa pili wa mpaka, tungewaita VJ wenu, wale wa kutafsiri filamu kwa mdomo, watutafsirie. VJ akiishika Star Trek, dakika ya kumi Spock ni shemeji yake nahodha Kirk na wanagombania ng'ombe.

Mwalimu_Mbale
Mimi ni wa Mbale, kijana. Sokoni kwetu nilikikuta Kiswahili kabla hujazaliwa. Na wewe hiyo boda boda yako ilipata jina kwa kuvusha watu hapo mpakani. Usije ukasema neno hilo ni la Unguja.

BodaWaBusia
Hapo umenipata 😂 Lakini mlikisikia kwa askari, kubalini tu.

Binti_wa_Luweero
Ndugu wa Busia, cheka taratibu. Kwa mama yangu Kiswahili ni maneno mawili tu: "panda gari". Miaka ya 1980 ukiyasikia, kijana wa nyumba hiyo amekwenda na huenda harudi. Hadi leo mtu akiongea Kiswahili langoni, mama anauliza kwanza ni nani. Kwa hiyo mnaposema uhuru, uhura, lugha ya Afrika ya kesho, mimi nafurahi pamoja nanyi, ila mjue wapo waliolisikia neno la lugha hiyo likiwa na bunduki nyuma yake.

Mnubi_wa_Bombo
Pole, dada, na pole kwa mama. Ila lugha haikushika bunduki. Nyumbani kwetu twaongea Kinubi na Kiswahili, na harusi zetu zina Kiswahili kuliko mkutano wowote wa serikali. Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, na tangu hapo kila anayekichukia anatutazama sisi. Katiba ikakiweka lugha rasmi ya pili 2005, tukangoja. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena. Mwezi huohuo Nichelle Nichols akafariki. Alikitamka kwenye televisheni mwaka 1966, kabla ya bunge letu kujua likifanye nini.

MzeeWaReli_Jinja
Hilo la Julai nilikuwa sijaliunganisha. Na nyongeza: Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, aende kwenye jukwaa la Broadway. Alisema Martin Luther King ndiye aliyemkataza, naye akiwa mtazamaji wa kipindi hicho. Hesabuni basi: mtu mmoja, maneno ya mdomo, hakuna hata stempu. Huyo ndiye aliyeokoa kitu.

DadaArua
Mzee, kwa hiyo King si shabiki? Umejifunga goli mwenyewe.

MzeeWaReli_Jinja
😅 Nakubali goli. Lakini nasema: kilichoifufua Star Trek ni marudio. Ilipokwisha, stesheni ndogondogo za Marekani ziliuziwa vile vipindi 79, zikavirusha saa za jioni siku baada ya siku. Watoto waliokuwa wamelala saa nne usiku wakakiona wakitoka shule. Mkutano wa New York, Januari 1972, waandaaji walitarajia mamia, wakaja watu zaidi ya 3,000. Wale hawakuletwa na barua.

DadaArua
Na marudio yangetoka wapi bila msimu wa tatu? Misimu miwili haikutosha kurudiwa kila siku, ingekwisha kabla ya mwezi kugeuka mara mbili. Barua zilinunua vipindi 24 vya ziada, vipindi hivyo vikanunua marudio. Na 1976 walimwandikia Rais Ford hadi chombo cha kwanza cha NASA cha kwenda na kurudi, kilichokuwa kiitwe Constitution, kikaitwa Enterprise, jina la chombo cha Star Trek. Bisha na hilo.

MzeeWaReli_Jinja
Sibishi. Chombo hicho kilifanya majaribio ya kutua tu, anga za juu hakikufika hata siku moja. Jina walipata, safari hawakupata.

Binti_wa_Luweero
Mzee ana roho ya korosho.

BodaWaBusia
Kuna waliokuwa ndani ya studio walioandika kwamba Gene Roddenberry mwenyewe, aliyeibuni Star Trek, alizichochea zile barua kwa siri. Mwenye duka analia pamoja na wateja, wateja wanadhani wameanza wao. Mwalimu, nina swali moja: uhura ni ngeli gani?

KijanaWaNtinda
Jamani, mada ni yangu. Tuandike au tusiandike? Mechi inaanza na mwenye kibanda ameshashika rimoti.

DadaArua
Andikeni. Muwe kumi, muandike kumi, kila mmoja kwa mkono wake. Barua moja yenye sahihi kumi huhesabiwa moja, hata Bjo alilijua hilo.

Mnubi_wa_Bombo
Kwa lugha gani?

KijanaWaNtinda
...banange.

Mwalimu_Mbale
Wa Busia: akiwa mtu ni A-WA. Kalale.