Kwa nini tumwimbie Mungu kwa Kilingala hapa Lubumbashi?

Bandugu, swali hili limenikaa moyoni tangu Jumapili. Kanisani kwetu Katuba kwaya iliimba nyimbo saba, na mmoja tu ulikuwa wa Kiswahili. Mhubiri alisema Kifaransa, mkalimani akiwa pembeni yake, anageuza sentensi moja moja. Maombi ya mwisho, yale ya machozi na mikono juu, yakarudi kwenye Kilingala: Nzambe, Nkolo, yaani Mungu, Bwana. Mama mzee aliyekaa karibu nami, mjane wa mtu wa migodi, hajui Kilingala wala Kifaransa. Mkalimani aliponyamaza, naye alibaki kimya, mikono magotini, mpaka watu wakaanza kutoka.

Nilimwuliza kiongozi wa kwaya. Akanijibu kwa heshima: "Yaya, Kilingala kina upako. Kiswahili ni lugha ya soko na ya kazi."

Ninapinga, na nawaomba tujadili.

Kilatini nacho kilisemwa hivyo hivyo. Wazee wetu walijibu "Et cum spiritu tuo" (na iwe rohoni mwako) kwenye misa bila kujua wanajibu nini, na waliamini Mungu anasikia vizuri zaidi kwa namna hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa lugha za watu, tarehe 4 Desemba 1963, upako haukuondoka kanisani. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale, yaani kitabu cha misa, ya Zaire, Kongo yetu ya leo, na watu wa Kinshasa wakaadhimisha misa yao kwa Kilingala, kwa ngoma na kwa kucheza. Ninawapongeza. Walichukua lugha ya nyumbani kwao wakaipeleka altareni. Sisi tumechukua ya nyumbani kwao vilevile!

Kuhusu "lugha ya kazi", ni kweli. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ilileta watu kutoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Lakini katika kambi hizo hizo, Kolwezi, miaka ya 1950, ndipo ilipozaliwa Jamaa, chama cha Wakatoliki cha Padri Placide Tempels. Wachimbaji na wake zao walikaa jioni wakifundishana juu ya upendo, uzazi na uzima, mambo mazito kabisa, kwa Kiswahili hiki tunachokidharau. Hata jina la chama ni la Kiswahili. Nacho Kilingala kilitoka wapi? Kwa wafanyabiashara wa mto, kisha kikawa lugha ya amri katika Force Publique, jeshi la wakoloni. Kama soko linachafua lugha, kambi ya askari inaisafisha vipi?

Baada ya kusoma hayo, ndugu mmoja wa Kamalondo amejibu hivi: "Kiswahili kililetwa na Waislamu wa Kasongo na Nyangwe, kule Maniema. Maneno yake ya dini ni ya Kiarabu. Mkristo anaombaje kwa lugha ya dini nyingine?"

Hili linastahili jibu refu, maana nalisikia mara nyingi. Ni kweli kwamba sala, ibada, sadaka, imani, malaika, nabii na shetani vyote vimetoka Kiarabu. Lakini ramani ya lugha na ramani ya dini hazilingani popote duniani. Tazama Malta, kisiwa cha Wakatoliki. Lugha yao ni tawi la Kiarabu. Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Karne kwa karne wamefunga Kwaresima kwa neno la jirani Mwislamu, na Ukatoliki wao haukupungua hata kidogo. Wakristo wa Misri wanamwomba Allah kwa Kiarabu, wakati Kikoptiki cha babu zao kimebaki kwenye liturujia. Nao Waindonesia, taifa lenye Waislamu wengi sana, wakitoka msikitini wanazungumza lugha yao ambayo si Kiarabu. Hapa kwetu pia: Simon Kimbangu, mhubiri aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu, alihubiri kwa Kikongo mwaka 1921, akafungwa miaka 30, akafia gerezani humu mjini, Elisabethville ya wakati ule, tarehe 12 Oktoba 1951. Leo Wakimbangu wapo hata mahali ambapo Kikongo hakijulikani. Lugha haina ubatizo wala shahada. Wenye imani ni watu.

Kijana wa kwaya moja ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ameandika jambo lililonigusa zaidi. Anasema nyimbo za Kiswahili anazozipata zinatoka Tanzania na Kenya ile ya Nairobi, na zinasema "mtu", "watu", "tunapaswa". "Sisi tunasemaka mutu, batu, tunapashwa. Nikiimba ile yao ni kama nimevaa nguo ya kuazima. Kilingala angalau najua ni cha kigeni."

Hapo sina ubishi. Tatizo ni letu wenyewe. Tumekiachia Kiswahili sanifu Biblia, tumeiachia Kinshasa nyimbo, na lugha tunayolilia wafu wetu na kubembelezea watoto wetu hatujaitungia chochote. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, lakini katiba haitungi wimbo.

Kisha mzee mmoja wa Ruashi ameuliza: "Na Kisanga? Na Kilamba, Kibemba? Ninyi mnalia Kilingala kinakula Kiswahili. Kiswahili chenu kimekula lugha ya mama yangu, na hamkulia."

Baba, umenishika. Wajukuu wa Wasanga wengi mjini hawawezi kuomba kwa lugha ya bibi yao, na mimi ni mmojawapo. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mama wa Katuba, kwa umri wake, hawezi tena kungoja. Kiswahili anakijua, na Jumapili hii anastahili kuomba kwa kinywa chake.

Zamu yangu ya kuongoza maombi ni baada ya wiki mbili. Nitaomba kwa Kiswahili cha hapa, "Mungu, siye batoto bako", na nimemwomba yule kijana wa Kenya atunge wimbo mmoja wa kwetu. Wewe mzee wa Ruashi, kama kuna wimbo wa Kisanga unaoukumbuka, uandike hapa chini, na maana yake.