Kasoro za gari la umeme ambazo matangazo hayazitaji

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Gari langu la petroli limechoka, nami nafikiria kununua la umeme. Kila tangazo linasema halitoi moshi, na kwa hilo sina ubishi, ila halisemi betri inatoka wapi wala itapelekwa wapi ikifa. Naomba wenye ujuzi mnieleze bila kunificha, kwa sababu sitaki kuutoa uchafu barabarani kwangu na kuupeleka mlangoni kwa mtu mwingine.

Jibu la 1
Hofu yako ina msingi. Zaidi ya nusu ya kobalti, madini yanayotumika katika betri nyingi za magari haya, inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huko katika mji wa Kolwezi wamo wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni bila vifaa vya kujikinga, watoto wakiwemo. Ziko betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti hata chembe, kwa hiyo uliza aina ya betri kabla ya kuuliza bei. Lithiamu, madini mengine ya betri, hata hivyo, ni vigumu kuikwepa: katika jangwa la Atacama nchini Chile, maji ya chumvi yenye lithiamu huvutwa kutoka ardhini na kuanikwa juani kwa miezi mingi, mahali ambapo mvua ni adimu mno.

Kutengeneza betri nako hula nishati nyingi, hivyo gari hilo hutoka kiwandani likiwa na deni la hewa ukaa kubwa kuliko la petroli. Umeme wako ukitokana na maji, upepo au jua, deni hulipika mapema. Ukitokana na makaa ya mawe, utaendesha muda mrefu zaidi kabla ya kulimaliza.

Jibu la 2
Mimi ni fundi, nami nasema niliyoyaona. Betri hizi aghalabu zina uzito wa kilo mia kadhaa, na uzito huo hula matairi, ambayo vumbi lake huishia hewani na mitaroni. Niliwahi kuletewa gari lililogongwa na jiwe kwa chini. Palibonyea sehemu isiyozidi kiganja, na gari lilikuwa likitembea vizuri, lakini kwa kuwa kasha la betri lilikuwa limeguswa na hakuna aliyeweza kuthibitisha usalama wa seli, yaani betri ndogo ndogo zilizomo ndani, mwenyewe aliambiwa abadilishe betri nzima. Iliniuma sana kuona seli ambazo huenda nyingi zilikuwa nzima zikitupwa kwa sababu kasha halikuundwa lifunguliwe na kutengenezwa.

Jibu la 3
Naongeza la kuchaji. Soketi ya kawaida ya nyumbani huenda isijaze betri kubwa kwa usiku mmoja, chaji ya haraka hupungua kasi betri inapokaribia asilimia 80, na baridi kali hufupisha safari. Kama huna maegesho yenye umeme, subiri kwanza.

Muulizaji
Nashukuru sana. Maegesho yenye soketi ninayo, na safari zangu ni fupi, kumbe nilikuwa nikitafuta betri kubwa bila haja. Fundi, nikipata gari lililotumika, nikague nini hasa chini ya sakafu?

Jibu la 2
Lipandishwe juu, upapase kasha lote kwa mkono, pembe zake hasa. Ukikuta mbonyeo, kutu kwenye boliti au gundi mpya, usilipe kabla betri haijapimwa.