Kasino ya "kihistoria" imemdhalilisha babangu na fimbo yake wamepoteza (uzi mrefu, nna hasira)

Wadau hamjambo. Nimekaa na hili jambo siku nne nikidhani hasira zitashuka, wapi, zazidi kupanda, kwa hivyo mnivumilie uzi ni mrefu. Jina la kasino sitaji kwa sababu barua nshawapelekea na nangoja jibu, lakini yaliyotupata ntayasema yote.

Babangu ametimiza miaka 70. Kuanzia 1984 hadi 1997 alikuwa dila wa ruleti, yaani mwendesha meza ya ule mchezo wa kijipira na gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, kwenye hio kasino, hapa hapa Mombasa, miaka 13 kasimama nyuma ya meza usiku hadi alfajiri, na sisi watoto wote watano tumesomeshwa na hio meza, karo, sare, vitabu, kila kitu. Enzi hizo manuwari za Marekani zikitia nanga Kilindini mabaharia walikuwa wakimiminika mjini, na mahoteli ya Nyali na Diani yamejaa Wajerumani, mzee hutwambia kuna siku hata pa kupenyeza mkono mezani hupati. Kisha zikaja zile vurugu za Likoni Agosti 1997, watalii wakakatika kama maji ya mfereji, na yeye na wenzake wakapewa barua za kwenda nyumbani. Siku ya mwisho wenzake walichanga wakamnunulia fimbo ya mpingo yenye pete ya shaba. Wakati ule ilikuwa pambo tu, miguu ilikuwa mizima. Sahii ndio anayotembelea.

Na msidhani tumelelewa kwenye kamari. Huyu mzee alitupiga marufuku hata kucheza karata za pesa. Alikuwa akitueleza habari ya kasino ya Monte Carlo kule Monaco, tarehe 18 Agosti 1913, kijipira kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo na watu wakawa waongeza dau kwenye nyekundu wakisema sasa lazima igeuke, wakatoka pale wamefilisika. Alikuwa akisema gurudumu halikumbuki lilichofanya jana wala dakika iliyopita, anayekumbuka ni wewe na ndio maana waliwa. Kwa hivyo tulikwenda pale kumrudisha mzee mahali alipoacha ujana wake, basi, si kutafuta utajiri.

Tangazo lao lilisema ni usiku wa kumbukumbu za zamani, bendi ya zilizopendwa, chakula cha Pwani, meza zote wazi, mavazi rasmi, kiingilio 2,500 kila mtu na ndani yake mna chipu za 500, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa. Tukalipa watu wanne, 10,000, mimi na mume wangu, ndugu yangu mdogo na mzee. Mzee akatoa koti lake la kijivu likapigwa pasi, viatu akavipaka rangi mwenyewe tangu asubuhi, tukachukua tuktuk kutoka Changamwe na njia nzima tangu Makupa yuatuonyesha hapa palikuwa na hiki, hapa palikuwa na kile. Sijamuona na furaha hio tangu mamangu afariki.

Mlangoni baunsa, kijana ambaye mzee aweza kumzaa mara mbili, salamu hakuna shikamoo hakuna, yuamwambia "wewe mzee, fimbo haiingii". Nikamwambia kaka huyu goti lake ni bovu hio fimbo ndio mguu wake. Ati ni silaha. Nikaomba aje meneja, meneja hakuja. Mzee mwenyewe ndio akasema wacheni msiharibu usiku, akaitoa, akaweka mkono begani kwangu tukaingia. Tiketi ya kuhifadhia hatukupewa, nliulizia, nkaambiwa "hapa hakipotei kitu". Lishikeni hilo neno.

Ndani sasa. Ukumbi ambao mzee alikuwa akituhadithia una meza za kitambaa cha kijani na taa kubwa katikati, leo ni mashine za sloti ukuta hadi ukuta zapiga kelele kama gereji, kapeti limeshikishwa na selotepu, eisi imekufa, feni moja yazungukia pembeni kwa keshia. Mzee amevaa koti jasho lamtiririka na kando yake vijana wamekaa na kaptura na malapa. Kwani hayo mavazi rasmi yalikuwa ya nani? Bendi hakuna, kuna kijana na laptopu. Chakula saa tatu kimekwisha, kwenye sufuria limebaki ukoko wa pilau na mbatata mbili, nyama waliotangulia wameila. Zile chipu za 500 nazo zaingia kwenye mashine peke yake, mezani hazikubaliwi, na hilo kwenye tangazo halikuandikwa popote.

Meza "zote wazi" ilikuwa meza moja ya ruleti. Moja.

Mzee aliisogelea polepole, akasimama kando, akaangalia gurudumu kisha akanyamaza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "mwanangu, hii ina sifuri mbili." Ambao hamjui mambo haya ngoja niwaeleze alivyonieleza yeye. Gurudumu walilotumia wao zamani lilikuwa na nafasi 37, namba 1 hadi 36 na sifuri moja. Ukishinda kwa namba moja walipwa 35 kwa 1, na hio tofauti ndogo ndio faida ya nyumba, yaani kasino, kama shilingi 27 kwa kila 1,000 inayowekwa mezani, kwa wastani wa muda mrefu. Wakitia sifuri ya pili nafasi zawa 38 lakini malipo yabaki yale yale 35 kwa 1, na sehemu ya nyumba yaruka hadi karibu shilingi 53 kwa kila 1,000. Yaani karibu mara mbili, kwa kuongeza kijumba kimoja tu cha kijani! Ni gurudumu la Kimarekani, lipo duniani na si siri, lakini usiniitie Mombasa ya zamani kisha uniwekee gurudumu ambalo hio Mombasa ya zamani haikulitumia. Mzee alisimama hapo miaka 13, yeye ndio ajua.

Ndugu yangu akanunua chipu za 1,000 acheze mara mbili tatu mzee akitazama. Akaweka 200 kwenye 17. Kijipira kikaanguka 17, tumeona sote wanne na yule bwana wa kando yetu pia ameona. Sasa kawaida, na hii mzee alitufunza tangu wadogo kwa vifuniko vya soda juu ya meza ya jikoni, dila kwanza aweka kile kinguzo cha alama juu ya namba iliyoshinda, ndio afagie zilizopoteza, kisha alipe, na kinguzo hakitoki hapo hadi malipo yaishe. Yule dada alifagia meza nzima kwanza. Kinguzo hakuweka. Chipu ya 17 ikaenda na takataka. Mzee akamwambia kwa upole kabisa, "mama, pole, 17 ilikuwa na mtu." Yule dada akababaika, mimi hata simlaumu, yaonekana ni mgeni na hakuna aliyemfunza. Nnayemlaumu ni yule msimamizi aliyekuja. Tukamwambia kamera hio hapo juu ya meza, angalieni. Akasema kamera ni ya usalama tu si ya kubishania michezo. Kamera ya juu ya meza ya ruleti si ya michezo?? Akamgeukia babangu akamwambia "mzee kaa chini, haya si mambo yako."

Si mambo yake.

Shilingi 7,000 zile, 35 mara 200, na ile 200 yenyewe, naziandika hapa kwa sababu ni haki ya ndugu yangu, lakini wallahi wangetunyima elfu sabini nisingeumia kama nlivyoumia na hilo neno. Mzee hakujibu. Aliketi kwenye stuli pembeni ya meza, na nkaona vidole vya mkono wake wa kulia juu ya ule ukingo wa ngozi vyacheza, vyakata chipu ambazo hazipo, vile madila wazihesabuvyo kwa mafungu, tano, tano, tano, tano, ishirini, kisha vyaanza tena. Nadhani hata hakujua yuafanya hivyo.

Nkasema nimzungushe azungumze na watu, kuna ukuta wameweka picha za zamani, kona ya historia waiita. Picha ya nne ni wafanyakazi wamesimama na mashati meupe na tai za kipepeo, na wa tatu kutoka kushoto ni babangu! Kijana, nywele nyingi, mikono ameiweka mbele viganja juu, ile ishara ya dila akiondoka mezani kuonyesha hakubeba kitu. Nusu ya picha imezibwa na friji ya soda. Mzee akainama kwa shida akaanza kuwataja majina mmoja mmoja, huyu amefariki, huyu yuko Voi, huyu amefariki. Nkatoa simu nimpige picha akiwa amesimama na picha yake, akaja dada wa sare akasema picha kwenye kona ya historia ni 500. Nkamwambia huyu hapa pichani ni huyu hapa aliyesimama. Akatazama, akacheka, akasema "hizo ni mapambo tu mama, mwalipa kwa M-Pesa ama keshi?"

Mume wangu akalipa ile 500. Mimi nilitaka kupiga kelele na yeye akaona mzee yuatetemeka, akalipa tukapiga picha tukatoka.

Na mlangoni fimbo haipo. Baunsa wa mwanzo ameshatoka zamu, wa pili hajui chochote, akaingia ndani ya kichumba akarudi na mwavuli, akatuuliza si huu? Tukangoja dakika arubaini nje, mzee amekaa kwenye ngazi, hapakuwa na kiti. Hakuna aliyesema pole. Mwishowe tukaambiwa turudi Jumatatu ofisini. Jumatatu nlikwenda, nkaambiwa nijaze fomu, fomu yauliza thamani ya mali iliyopotea kwa shilingi. Niandike nini hapo?

Usiku ule tulimpeleka hadi karibu na Markiti kwa muuza kahawa, akanywa kahawa tungu vikombe viwili na kashata hakuigusa, na yeye apenda kashata mno. Neno alilosema ni moja tu, kwamba katika zile picha wameandika mwaka makosa.

Sasa wasimamizi wa pale kama mwasoma, na najua mwasoma, pesa za 17 tutazidai kwa njia yake na malalamiko nshayaandika rasmi kwa wanaotoa leseni. Hapa naulizia fimbo. Ni ya mpingo, ina pete ya shaba chini kidogo ya kishikio, kwenye pete mmechorwa 1997, raba ya chini imeliwa upande wa kushoto kwa sababu ndio upande anaoegemea. Mfanyakazi yeyote, mlinzi, dereva wa tuktuk anayelaza hapo nje, aliyeiona aniandikie inboksi, nauli ya kuileta hadi Changamwe ni juu yangu na hakuna atakayeulizwa ameipata wapi.